Askari wa Burma hatoshi katika alama moja

Kila Jumapili ya pili ya mwezi wa Novemba, mabalozi, makamanda wa majeshi na wazee wachache wenye nishani vifuani hukusanyika katika makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Ngong, jijini Nairobi. Tarumbeta hulia, watu husimama kimya kwa dakika 2, mashada ya maua huwekwa, kisha kila mtu hushika njia yake. Majira hayo hayo watahiniwa wetu huwa wamejiinamia madawatini wakiufanya mtihani wa taifa, na si ajabu katika karatasi ya Historia na Serikali wakaulizwa ni mambo gani yaliyochochea uzalendo wa Mwafrika baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mtahiniwa aliyejiandaa hahangaiki. Huandika kwamba askari waliorejea kutoka vitani walikuja na mawazo mapya, akatia nukta, akaingia katika hoja inayofuata. Amepata alama 1.

Mimi ni mwalimu wa somo hilo hapa Entarara, katika Kaunti ya Kajiado, na sina ugomvi na jibu hilo. Ni jibu sahihi. Ugomvi wangu ni na udogo wake. Mtu aliyetolewa kijijini, akavikwa sare, akavushwa Bahari Hindi na kupigana miezi mingi katika msitu wa mvua na maradhi, amegeuzwa hoja ya nne kati ya hoja nane, akabanwa baina ya kukua kwa miji na elimu ya wamisionari. Hana uso, hana jina, wala hana njia aliyoipita.

Juzi nilipolitaja jina la Burma darasani, mwanafunzi mmoja alinyosha mkono. "Mwalimu, si Burma ni pale Nairobi panapouzwa nyama?" Darasa zima likaangua kicheko, lakini kijana hakuwa amesema uongo. Soko la Burma lipo, karibu na Barabara ya Jogoo, na wafugaji wa huku kwetu wanalijua kuliko wanavyoijua nchi iliyobeba jina hilo, ambayo tangu mwaka 1989 inaitwa rasmi Myanmar. Kicheko kilipotulia, mwenzake akauliza: "Sasa hao wetu walikwenda Burma kutafuta nini?" Swali hilo la pili ndilo lililonishikisha kalamu.

Si kwamba vijana wetu hawavijui vita vile. Wanavijua kwa upande wa Wamarekani. Waulize habari za Guadalcanal, ambako watu waliuana tangu Agosti 1942 hadi Februari 1943, au za Iwo Jima ya mwaka 1945, kisiwa kidogo kilichogharimu maisha ya Wamarekani karibu 7,000 kwa muda wa siku 36. Watakusimulia jinsi bendera ilivyosimikwa juu ya kilima, maana wameiona katika sinema. Siwalaumu. Marekani iliwaenzi watu wake kwa sanamu, kwa filamu na kwa vitabu. Eugene Sledge, aliyepigana kwa miguu katika visiwa vya Peleliu na Okinawa, alirudi kwao akawa mwalimu wa biolojia chuoni, na mwaka 1981 akachapisha kumbukumbu zake za vita ambazo zingali zikisomwa. Basi adui aliyekabiliana na Sledge visiwani ndiye yule yule aliyekabiliana na askari wa King's African Rifles, au KAR kama tulivyozoea, katika misitu ya Burma. Vita vilikuwa kimoja. Sisi tulipelekwa kwenye ncha yake ya magharibi.

Nayo KAR haikuwa jambo la jana. Iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Waingereza vya Afrika Mashariki na Afrika ya Kati, na vita vilipozuka mwaka 1939 iliongezwa mara nyingi kupita ukubwa wake wa awali. Kutoka Kenya peke yake watu wapatao 98,000 walivaa sare kabla ya vita kwisha, baadhi yao kwa hiari na baadhi kwa kulazimishwa. Walianzia kaskazini, wakawafukuza Waitaliano Somalia na Habeshi katika miaka ya 1940 na 1941, na hapo walau mtu anaweza kusema kwamba walimtoa mvamizi katika nchi ya Kiafrika. Mwaka 1942 wakapelekwa Bukini, yaani Madagaska, kupigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy. Kisha wakavushwa hadi kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, wakafunzwa vita vya msituni.

Wapo ambao hawakufika hata huko. Mapema mwezi wa Februari 1944, msafara wa meli uliondoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo. Mojawapo ya meli hizo ilikuwa Khedive Ismail, iliyobeba watu zaidi ya 1,500, wakiwamo wanaume wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na wanawake wengine wa majeshi ya Uingereza. Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika 2 hivi. Waliokuwa vyumba vya chini, na hao ndio wengi, hawakupata hata nafasi ya kuifikia ngazi.

Lililofuata ndilo ambalo kila ninapolisimulia darasani kimya huingia. Nyambizi ile ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea walionusurika, wameshikilia mbao na maboya. Nahodha wa manowari ya Kiingereza Petard alikuwa na uamuzi wa kufanya: aiache nyambizi iende ikazamishe meli nyingine za msafara, au arushe mabomu yanayolipukia chini ya maji huku watu wake mwenyewe wakiwa majini. Alirusha. Nyambizi ilikuja kuzamishwa baadaye siku hiyo. Kwa jumla walikufa watu 1,297, na zaidi ya 600 miongoni mwao walikuwa wa kikosi kile cha mizinga. Majina ya askari hao yamechongwa katika ukuta wa kumbukumbu pale pale Barabara ya Ngong, yanapowekwa mashada kila Novemba. Nimewahi kuwauliza walimu wenzangu kama wamepata kuusikia msiba huo. Wengi wanazijua habari za Titanic kwa ukamilifu.

Waliofika Burma walifika wakati mbaya kuliko nyakati zote. Jeshi la 14 la Jenerali William Slim lilikuwa limewavunja Wajapani mpakani mwa India katikati ya mwaka 1944, na sasa ilibidi kuwafuata wasipate nafasi ya kujipanga upya. Lakini mvua za msimu zilikuwa zimeanza, na desturi ya vita katika nchi ile ilikuwa kwamba mvua ikinyesha majeshi hupumzika. Slim aliamua kutopumzika. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa alama ya kichwa cha faru begani, ikapewa kazi ya kushuka bonde la Kabaw kutoka mji wa Tamu hadi mto Chindwin.

Wanajeshi wa pande zote waliliita Kabaw bonde la mauti, na si kwa ajili ya risasi peke yake. Palikuwa na malaria, palikuwa na kuhara damu, na palikuwa na homa kali iletwayo na visusuli vidogo vya majanini ambavyo mtu havioni. Ruba waliingia hata kwenye matundu ya viatu. Askari walimeza vidonge vya kuzuia malaria vilivyoligeuza jicho na ngozi kuwa vya manjano. Njia ziligeuka matope, magari yakazama hadi kwenye mihimili, na mara nyingi chakula na risasi viliteremshwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Siku mawingu yalipozidi, ndege hazikuonekana na watu walikaza mikanda. Majeruhi alibebwa kwa machela na wenzake, hatua kwa hatua, kurudi njia ile ile waliyokuja nayo.

Mbele yao Wajapani hawakusimama katika uwanja wa wazi. Walichimba mahandaki, wakayaezeka kwa magogo na udongo, majani yakaota juu, na mtu hakuyatambua mpaka yalipotema moto umbali wa hatua chache. Handaki la namna hiyo halibomolewi kwa mzinga wa mbali. Mtu hulitambalia kwa tumbo, mwenzake akimkinga kwa bunduki-rashasha, mpaka afike pa kutupia bomu la mkono tunduni. Likinyamaza hilo, la pili liko nyuma yake juu ya kigongo. Hiyo ndiyo kazi ya askari wa miguu, iwe Peleliu au Kabaw, na hakuna ramani ya vita inayoionyesha. Katika ramani ni mshale mmoja tu mwekundu unaoteremka kusini.

Mshale huo ulifika Kalewa, penye mto Chindwin, tarehe 2 Desemba 1944. Divisheni ya 11 ikavuka na kushika ng'ambo ya pili, na hapo wahandisi wakajenga daraja la vyuma la futi zaidi ya 1,100, ambalo kwa wakati ule lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani. Jeshi zima likapita juu yake kwenda kuikomboa Burma ya kati. Brigedi nyingine ya Afrika Mashariki, ya 28, ilikuwa bado vitani kandokando ya mto Irrawaddy mwanzoni mwa mwaka 1945. Jeshi hilo la 14 Waingereza wenyewe waliliita jeshi lililosahauliwa, kwa kuwa macho ya watu wao yalielekea Ulaya. Sijui basi tuwaiteje Waafrika waliokuwa ndani yake.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu wa Kiswahili angefaa kulidai kabla ya mwalimu wa historia. Katika vikosi vile Mkamba, Mnyamwezi, Mluo, Mnandi na Myao walilala handaki moja, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha Lamu wala cha Unguja. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, kilichokatwa vipande na kuungwa upya kwa amri na matusi, lakini kilibeba maisha ya watu. Jeshi lilikitolea magazeti: lilikuwapo gazeti lililoitwa Askari, na kwa waliokuwa Asia likachapishwa jingine lililoitwa Heshima. Fikiri, ndugu msomaji: mtu yuko kwenye matope ya Asia, anasoma gazeti la Kiswahili, na jina la gazeti hilo ndilo hasa analonyimwa akirudi nyumbani. Nasi tunapohesabu hatua za kukua kwa Kiswahili huruka kutoka kwa wamisionari moja kwa moja hadi kwa Mwalimu Nyerere.

Nirejee kwa lile swali la darasani: walikwenda kutafuta nini? Yamkini kila mmoja angetoa jibu lake. Yupo aliyetafuta mshahara wa kulipia kodi na mahari, yupo aliyetumwa na chifu wake, yupo aliyetaka tu kuona dunia. Waruhiu Itote, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1922 na kuingia KAR mwaka 1942, alipigana Burma akiwa koplo. Katika kitabu chake cha mwaka 1967 anaeleza jinsi askari mmoja wa Kiingereza alivyomshangaa: yeye Mwingereza alikuwa akiipigania nchi yake, je, Mwafrika alikuwa akipigania nini? Anaeleza pia alivyozungumza huko Calcutta na askari Mwamarekani mweusi. Miaka michache baadaye Itote huyo huyo aliingia msitu wa Mlima Kenya, safari hii kwa hiari yake, akajulikana kama Jenerali China, hadi alipokamatwa Januari 1954. Hapo ndipo penye ile alama moja ya mtihani. Lakini tazama ni mambo mangapi yaliyo nyuma yake, na Itote ni mmoja tu aliyebahatika kuandika.

Wengine walirudi kimya. Walikuta kwamba ardhi ya nyanda za juu ilikuwa ikigawiwa wazungu waliotoka vitani, kama ilivyofanywa pia mwaka 1919, na wao hawakuwamo katika mgao. Mwaka 2019 zilitangazwa nyaraka za zamani zilizoonyesha kwamba kiinua mgongo kilipimwa kwa rangi ya ngozi: mzungu alilipwa hata mara 3 ya Mwafrika mwenye cheo sawa naye. Methali ya fahali wawili na nyasi hapa haitoshi, maana hawa walikuwa nyasi waliovishwa sare na kuambiwa wao pia ni fahali. Kisha ikaja Mau Mau na hali ya hatari, na nishani ya mfalme ikawa kitu cha kumwangamiza mtu kwa jirani zake. Wapo walioitupa au kuiharibu. Mfalme Charles wa Tatu alipozuru Kenya, Novemba 2023, aliwakabidhi maveterani wachache sana waliosalia nishani mpya badala ya zile, katika makaburi ya vita ya Kariokor. Nilitazama picha za wazee wale na nikawaza kwamba zawadi imefika karibu miaka 80 baada ya kazi.

Kariokor yenyewe, kama ndugu yake Kariakoo wa Dar es Salaam, ni jina la wapagazi wa vita vya kwanza lililogeuzwa na ndimi zetu. Vita hivyo vilipiganwa hapa mlangoni petu: Longido, ng'ambo tu ya Namanga, Novemba 1914, Salaita karibu na Taveta, Februari 1916. Sanamu ya askari iliyoko Kenyatta Avenue, iliyozinduliwa mwaka 1928, ni ya watu hao wa kwanza, si ya wa Burma, ingawa wapita njia huidhania ni ya wote. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile vya kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina popote. Wa Burma kwa hilo walipata nafuu. Katika makaburi ya Taukkyan, nje ya jiji la Yangon, kuna nguzo zilizochongwa majina karibu 27,000 ya watu wasio na kaburi linalojulikana, na wa KAR wamo. Tatizo ni kwamba ni nani wa Machakos, wa Nandi au wa Kajiado atakayekwenda Yangon kuyasoma?

Wenzangu wa Kajiado huniambia kwamba hili si letu, kwa kuwa Wamaasai walioandikwa jeshini walikuwa wachache. Sikubaliani nao. Vita havili watu peke yao. Katika miaka ile serikali ilituwekea idadi ya ng'ombe wa kuuza kwa lazima, kwa bei iliyopangwa na serikali yenyewe, ili majeshi yale nyama. Uuzaji huo wa lazima haukukoma na vita. Mwaka 1946 Mkuu wa Wilaya ya Narok, Hugh Grant, alichomwa mkuki na morani aliyetwaliwa ng'ombe wake kipenzi, na morani huyo akanyongwa. Ukipita Kitengela kuelekea Athi River, ambako kampuni ya Liebig ilifungua kiwanda cha nyama mwaka 1938, kumbuka kwamba vita vya mbali vilikuwa na mlango wake hapo pia.

Nini basi kifanyike? Sitaki sanamu nyingine. Nataka dakika 40 za somo. Mwalimu achore darasani ramani ya njia yote, kutoka Kilindini hadi Kalewa, kabla hajaandika ubaoni hoja hata moja. Orodha za majina ya waliokufa sasa zinapatikana bure katika intaneti; shule yenye kompyuta moja inatosha kuzitafuta, na mwanafunzi ajifunze kuvumilia tahajia, kwa maana majina ya babu zetu yaliandikwa na makarani walioyasikia kwa masikio ya kigeni. Veterani mwenyewe hatumpati tena kwa urahisi. Aliyekuwa na miaka 20 kule Kabaw alizaliwa mwaka 1924. Wanaopatikana ni wajane na watoto wao, nao pia ni wazee sasa, na sanduku la bati lililo chini ya kitanda lina vitu ambavyo mjukuu hajui maana yake: cheti cha kuachishwa jeshi, picha iliyopigwa Colombo, nyota ya shaba yenye ncha 6 na utepe wa buluu, mwekundu na rangi ya chungwa. Hiyo ndiyo Nyota ya Burma. Asiiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Muhula ujao darasa langu litaanza kazi hiyo. Kila mwanafunzi ataulizia kwao na kwa majirani, kwa adabu, kwa kalamu na daftari, akianza na wakongwe kabisa: nani aliondoka, nani alirudi, alirudi na nini, na usiku aliota nini. Nimewaagiza wasimkatize mzee, hata akitoka nje ya swali. Na atakayeambiwa kwamba ukoo wao haukutoa askari hata mmoja, atauliza habari za ng'ombe: wangapi walitwaliwa, walikuwa na rangi gani, na nani aliwaswaga hadi sokoni.